Ile nukta nyekundu juu ya bunduki na bastola: inasaidia wapi, inashindwa wapi?

Wiki chache zilizopita, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tulipokea ujumbe wa simu kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja ambaye ni mkulima. Alikuwa ameona kwenye simu ya mwanawe picha za wanajeshi wa nchi za nje. Akauliza: "Watangazaji, kile kikopo kidogo kilichokaa juu ya bunduki za hawa jamaa ni tochi, kamera au darubini? Na mbona siku hizi hata bastola wanaziwekea?"

Tulimjibu hewani kwa dakika mbili, tukadhani tumemaliza. Kumbe tumechokoza mzinga. Mmoja akaandika kwamba ile ni leza. Mwingine akasema mwenye kifaa hicho hawezi kukosa hata akifumba macho. Wa tatu alikuwa na uhakika kwamba kifaa chenyewe kinamtambua adui na kumwacha raia. Kwa kuwa majibu hayo yote matatu si sahihi, na la tatu likiaminiwa na mtu mwenye silaha ni la hatari, tumeona tuandike kwa kirefu hapa ili kila mmoja asome kwa wakati wake.

Kwanza tukate mzizi wa fitina. Kile ni kifaa cha kulengea. Ndani yake mna taa ndogo sana na kioo. Mpigaji akichungulia anaona nukta nyekundu, anaiweka juu ya kitu anachotaka kukipiga, na kama kifaa kimerekebishwa vizuri, risasi inakwenda pale ilipo nukta. Hapa tutakiita kioo cha nukta.

Si leza ya kwenye filamu

Wengi wetu tuliijua nukta nyekundu kwenye kibanda umiza. Filamu inapigwa, mtafsiri anapaza sauti, mara nukta nyekundu inatua kifuani kwa adui na watu wote kibandani wanajua huyo amekwisha. Ile ni leza. Inatoka kwenye silaha, inasafiri hewani na kutua juu ya mtu au ukuta. Mlengwa anaweza kuiona, na jirani yake pia.

Kioo cha nukta kinafanya kazi kinyume chake. Mwanga wake hauendi kwa mlengwa, unarudi kwenye jicho la mpigaji. Umewahi kupanda basi la usiku? Ukitazama nje kupitia dirishani unaona taa za ndani ya basi kama zinaelea huko porini, juu ya miti. Taa hazipo porini. Kioo cha dirisha kinarudisha mwanga wake machoni mwako huku kikikuruhusu kuona nje. Kioo cha nukta ni dirisha la namna hiyo, ila kimepindwa kidogo kwa vipimo na kupakwa utando mwembamba unaorudisha rangi nyekundu na kuruhusu rangi nyingine kupita. Kwa mpindo huo, mwanga wa taa ndogo ya LED unatoka kwenye kioo ukiwa umenyooka kana kwamba umetoka mbali sana. Jicho linadanganyika, linaona nukta iko kule kwenye shabaha.

Ndiyo maana mpigaji akisogeza kichwa kidogo kushoto au kulia, nukta inabaki pale pale penye shabaha, hata kama sasa inaonekana pembeni mwa kioo. Kwa vifaa vizuri ni kweli kwa sehemu kubwa. Si kweli kwa asilimia mia, hasa kwa shabaha ya karibu, na ukiona tangazo linaloahidi hivyo kaa macho. Tutalirudia jambo hili chini, kwa sababu kuna kampuni lililiponza.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mtengenezaji wa darubini wa Dublin, Howard Grubb, alipata hataza ya kifaa cha kulengea kwa kioo mwaka 1900. Ndege za kivita za Ujerumani zilikijaribu mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na katika Vita Kuu ya Pili marubani wa pande zote walilenga kwa vioo vya namna hiyo. Kwenye bunduki ya mkononi kulikuwa na kikwazo kimoja: taa na betri za wakati huo zilikuwa kubwa na hazidumu. Taa za LED zilipopatikana, kampuni ya Aimpoint ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 1974, ilitoa kioo chake cha kwanza mwaka uliofuata. Wateja wa mwanzo walikuwa wawindaji.

Kati ya hapo kuna kisa kimoja tunakipenda. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Novemba 1970, wanajeshi wa Marekani walivamia kambi ya Son Tay huko Vietnam ya Kaskazini kwenda kuwaokoa wafungwa wenzao. Silaha zao zilikuwa na kifaa cha awali cha nukta kilichoitwa Singlepoint, ambacho hakikuruhusu kuona ng'ambo. Jicho moja liliona nukta, jingine liliona shabaha, ubongo ukaunganisha. Walilenga vizuri gizani na wote wakarudi hai. Ila wafungwa hawakuwemo. Walikuwa wamehamishwa miezi kadhaa kabla. Nukta ilikuwa nzuri, taarifa ndiyo mbovu.

Tatizo la jicho

Kwa nini mtu aache ncha ya chuma iliyotumika karne nyingi? Sababu iko kwenye jicho. Bunduki ya kawaida ina kijipengo cha nyuma karibu na jicho na ncha ya mbele mwishoni mwa mtutu. Mpigaji anatakiwa apange vitu vitatu kwenye mstari mmoja: pengo, ncha na shabaha. Jicho la binadamu haliwezi kuona vyote vitatu vikali kwa pamoja. Ukiikazia macho ncha, shabaha inakuwa ukungu. Ukiikazia shabaha, ncha inafifia. Waalimu wa shabaha wa dunia nzima wamekuwa wakifundisha ukazie ncha ya mbele, ukubali shabaha iwe na ukungu.

Mama aliyepita miaka arobaini na tano ambaye sasa anamwita mjukuu amtungie uzi kwenye sindano analielewa tatizo hili vizuri. Vya mbali anaviona, vya karibu vinamkataa. Askari mwenye umri huo ana shida hiyo hiyo na ncha ya bunduki yake.

Kioo cha nukta kinaondoa kazi mbili kati ya tatu. Hakuna pengo, hakuna ncha. Kwa kuwa nukta inaonekana kana kwamba iko mbali, mpigaji anaitazama shabaha yenyewe, macho yote mawili wazi, na nukta inakuja juu yake. Faida tunayoiona kubwa hapa si kasi. Ni kwamba mtu mwenye silaha anaendelea kumtazama mtu aliye mbele yake, mikono yake na alichoshika. Kama ni simu au kama ni kisu. Akiikazia macho ncha ya chuma, mikono ile inakuwa ukungu, na makosa mengine ya askari huanzia hapo.

Kwenye bunduki ndefu, mjadala umekwisha

Bunduki ndefu ina kitako. Kitako kinakaa begani, shavu linalala juu yake, na jicho linakuwa pale pale kila mara. Mpigaji hahitaji kuitafuta nukta, akiinua bunduki anaikuta. Tena kifaa kinafungwa juu ya sehemu isiyosogea, mbali kiasi na matope, na kinaweza kuwa kikubwa chenye betri kubwa.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilikubali kioo cha Aimpoint mwaka 1997 na kukipa jina la M68. Miaka iliyofuata, Iraq na Afghanistan zikakifanya kiwe kitu cha kawaida. Maendeleo ya betri nayo yalisaidia. Modeli ya CompM4 inatajwa na watengenezaji kuweza kuwaka saa 80,000 kwa betri moja, yaani zaidi ya miaka minane bila kuzimwa. Askari anaiwasha akikabidhiwa na kuisahau. Kwa kweli redio zetu za mkononi zingekuwa hivyo tungefurahi.

Mipaka ipo. Kioo cha nukta hakikuzi kitu. Mtu aliye mita 400 anabaki mdogo vile vile, na hapo darubini inashinda. Pia nukta yenyewe ina upana. Wenye fani wanaupima kwa dakika za pembe: chukua nyuzi 360 za duara, gawa kila moja mara 60. Nukta ya dakika 2, ambayo ni ya kawaida kwenye bunduki ndefu, inafunika karibu sentimita 6 kwa umbali wa mita 100, na karibu sentimita 17 kwa mita 300.

Jambo jingine linawashangaza hata wenye uzoefu. Kioo kinakaa juu ya mtutu, kwenye bunduki nyingi za Kimarekani sentimita 6 au zaidi kidogo. Mpigaji aliye ndani ya chumba, mita chache tu kutoka kwenye shabaha, akiweka nukta mahali fulani, risasi itapiga chini yake kwa karibu sentimita hizo. Kioo hakikukosea, ndivyo kilivyofungwa. Asiyefundishwa hajui.

Na ile SMG? Msikilizaji mmoja aliuliza kwa nini AK-47, bunduki inayojulikana zaidi katika eneo letu, mara nyingi tunaiona bila kioo. Gharama ni sababu moja, umbo lake ni nyingine. Kifuniko cha juu cha AK ni bati jembamba linalovuliwa kila bunduki inaposafishwa, na likirudishwa halikai pale pale kwa vipimo. Ukifunga kioo juu yake, nukta itakuwa inahama kila baada ya usafi. Warusi walitatua hilo kwa kuweka reli ya chuma ubavuni, upande wa kushoto, na kioo kama Kobra kinashikwa hapo. AK isiyo na reli hiyo inahitaji kazi ya fundi aliyesomea, na mafundi hao si wengi.

Kwenye bastola, mambo ni mengine

Watu wanadhani kama kimefaa kwenye bunduki kitafaa hivyo hivyo kwenye bastola. Hapana. Bastola haina kitako. Hakuna bega, hakuna shavu, kuna mikono miwili tu hewani. Kiganja kikiinama kidogo, nukta inatoka nje ya kioo na mpigaji anaona dirisha tupu. Kwa mtu aliyezoea ncha ya chuma, sekunde za kwanza na bastola yenye nukta ni za kuhangaika: anaipandisha, anaishusha, anaitafuta kama mtu anayetafuta mtandao kijijini kwa kuinua simu. Anayefyatua kila siku anaizoea. Anayefyatua mara moja kwa mwaka, hapana.

Pili, kifaa kinakaa juu ya chuma kinachorudi nyuma kwa nguvu na kwenda mbele kila risasi inapotoka. Kwenye bunduki ndefu kioo kinatikiswa, kwenye bastola kinarushwa na kusimamishwa ghafla, maelfu ya mara. Skurubu zinalegea na waya za ndani zinakatika. Ndiyo maana vioo vya bastola vilichukua muda mrefu kuaminika. Wanamichezo walianza mapema: mwaka 1990 Mmarekani Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia wa shabaha za bastola akitumia nukta, lakini kile kilikuwa kidude kikubwa kilichofungwa kwenye fremu, si cha kuvaliwa kiunoni. Trijicon walileta RMR mwaka 2009, kidogo na kigumu. Mwaka 2015 Glock wakaanza kuuza bastola zilizokwisha kuchongwa nafasi ya kioo kiwandani. Bastola ya M17 iliyochaguliwa na jeshi la Marekani mwaka 2017 nayo ilikuja tayari kupokea kioo. Tangu hapo idara nyingi za polisi za Marekani zimekuwa zikihama, moja baada ya nyingine.

Tatu, vumbi na maji. Vioo vingi vya bastola viko wazi: taa inakaa chini nyuma, kioo mbele, katikati hewa. Tone moja la mvua au kipande cha tope kikitua juu ya taa, nukta inapotea au inakuwa madoa matano. Aina mpya zimefungwa pande zote kama kijisanduku, Aimpoint Acro ya mwaka 2019 ikiwa miongoni mwa zilizofungua njia. Ni nzito na ghali zaidi, lakini kwa nchi yenye vumbi la kiangazi na masika ya matope, sisi tungechagua sanduku.

Nukta za bastola huwa pana kuliko za bunduki, dakika 3 hadi 6, ili zionekane haraka. Si hasara: dakika 6 kwa mita 25 ni sentimita 4 na kidogo. Mwenye tatizo la jicho linaloziona taa za pikipiki usiku zikiwa na miale mirefu ataiona nukta kama nyota au mkato, kwenye bastola na kwenye bunduki pia. Kifaa hakina ubovu, aende kwa daktari wa macho.

Je, nukta ingewaokoa wapita njia?

Wanaotetea nukta kwenye bastola za polisi wana hoja nzito. Shirika la utafiti la RAND lilichambua ufyatuaji wa risasi wa polisi wa jiji la New York kati ya mwaka 1998 na 2006. Katika mapambano ambayo mtuhumiwa naye alikuwa akifyatua, askari walipata shabaha kwa wastani wa asilimia 18. Pasipo risasi za kujibu, asilimia 30. Soma tena: kati ya risasi kumi, saba au nane zilikwenda kwingine. Kwenye mtaa wenye watu, kwingine ni wapi?

Tarehe 24 Agosti 2012 jibu lilionekana. Mbele ya jengo la Empire State, askari wawili walikabiliana na mtu aliyekuwa ametoka kuua, naye akawaelekezea bastola. Walifyatua risasi 16 na kumuua. Wapita njia 9 walijeruhiwa, wote kwa risasi za polisi au vipande vyake.

Hapo ndipo tunapotofautiana kidogo na wauzaji. Askari wale walikuwa hatua chache tu kutoka kwa mtu yule. Kwa umbali ule hakuna anayekosa kwa kuwa ncha yake ni ya chuma. Watu wanakosa kwa hofu, kwa mkono unaovuta kifyatulio kwa pupa, kwa sekunde ambazo hazitoshi kufikiri. Bastola za polisi wa New York wakati huo zilikuwa pia na kifyatulio kigumu sana kwa makusudi, ili zisilipuke kwa bahati mbaya, na wataalamu wengi walilaumu ugumu huo. Nukta hailainishi kifyatulio na haitulizi moyo. Inamsaidia askari aliyefunzwa aliye mita 15 au 25. Kwa mita 2 haina neno.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Kwenye bunduki ndefu, kioo cha nukta kinamsaidia hata aliyefunzwa kidogo. Kwenye bastola kinamsaidia aliyefunzwa sana na kinaweza kumchelewesha aliyefunzwa kidogo. Idara yenye fedha za vioo tu, bila fedha za risasi za mazoezi, ingenunua risasi kwanza.

Kampuni iliyojua ikanyamaza

Sasa tufike kwenye kisa tulichoahidi. Kuna ndugu wa kioo cha nukta anayeitwa kioo cha hologramu. Kwa mpigaji vinafanana, ila hiki kinatumia leza ndogo ya ndani kuonyesha picha ya duara na nukta iliyohifadhiwa kwenye kioo. Mtengenezaji mashuhuri ni EOTech ya jimbo la Michigan, Marekani, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya kampuni kubwa ya silaha ya L-3. Vioo vyake vilipelekwa kwa vikosi vya Marekani vilivyokuwa vitani, pamoja na vikosi maalumu, na kwa polisi.

Kampuni iliahidi kwamba vioo hivyo vinafanya kazi kutoka nyuzi joto 40 chini ya sifuri hadi 60 juu yake, na penye unyevu mwingi. Havikufanya. Joto lilipobadilika, mahali pa kulengea palihama. Mpigaji alirekebisha kioo chake nyumbani, akasafiri hadi mlimani kwenye baridi, akaweka nukta pale pale, risasi ikaenda pengine. Kwa kipimo tulichotaja juu, nukta ikihama dakika 4 tu, risasi inakosea kwa karibu sentimita 12 kwenye mita 100 na sentimita 35 kwenye mita 300. Hiyo ni tofauti ya mtu na mtu aliyesimama kando yake. Penye unyevu, alama iliyo ndani ya kioo ilikuwa ikififia. Aliyewahi kuona saa ya ukutani ikiota ukungu ndani ya kioo huko Pwani hatashangaa.

Ubaya haukuwa kasoro yenyewe. Kila kifaa kina kasoro. Serikali ya Marekani ilidai mahakamani kwamba kampuni ilijua kwa miaka mingi na ikaendelea kuuza bila kusema. Jambo lililipuka mwaka 2015, baada ya shirika la upelelezi la FBI kugundua lenyewe kuhama kwa nukta kwenye vipimo vyake na kuiwekea kampuni matokeo mezani. Novemba mwaka huo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 25.6 kumaliza kesi, na katika makubaliano hayo ilikiri kuchelewa kuwaeleza wanunuzi. Baadaye wateja binafsi walirudishiwa fedha. EOTech imekwisha kuuzwa kwa wamiliki wengine tangu 2020, na vioo vyake bado vinatumika na vina watu wanaovisifu.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu kinahusu kila mnunuzi wa serikali, iwe Washington au nchi isiyo na maabara. Aliyegundua kasoro alikuwa na chumba cha kupimia chenye baridi kali na joto kali. Nchi ambayo haina chumba hicho inanunua karatasi ya mtengenezaji. Na gharama haziishi kwenye ununuzi. Kioo kizuri ni dola mia kadhaa kimoja. Halafu betri: vioo vingi vya bastola vinatumia ile betri ya duara mfano wa sarafu, CR2032. Askari wa kituo cha mbali akiishiwa, je, ghala la wilaya linayo halisi, au anakwenda kununua dukani isiyodumu wiki? Ndiyo maana wenye busara huacha ncha ya chuma palepale, ionekane kupitia kioo, siku nukta ikizimika.

Wenzetu wakubwa wanakwenda mbali zaidi. Januari 2022 jeshi la Marekani liliipa Vortex mkataba wa kioo kipya cha bunduki ambacho kinapima umbali kwa leza na kukokotoa risasi itashuka kiasi gani. Kandarasi hiyo inaweza kufika vioo 250,000 na dola bilioni 2.7 kwa miaka 10. Uingereza mwaka 2023 ilinunua vioo vya Israel vinavyoitwa SMASH ili askari waweze kudungua ndege ndogo zisizo na rubani. Hivyo vinafuatilia kitu kinachosogea na kuchagua wakati wa kuruhusu risasi itoke. Kwa hiyo yule msikilizaji aliyesema kifaa kinamtambua adui hakutunga kila kitu. Ila hata SMASH hajui adui ni nani. Anayechagua cha kupigwa ni binadamu.

Limebaki swali moja lililokuja mara tatu, tena kutoka vijiji tofauti: je, kioo cha nukta kinaweza kufungwa kwenye gobore? Hakifungiki kwa maana. Gobore halina reli wala mahali tambarare pa kukishika, moshi wa baruti utakifunika kioo baada ya mlio wa kwanza, na gololi zake hazinyooki kwa umbali ambao nukta ingekuwa na faida. Na aliye na gobore bila kibali atangulie kwanza kituo cha polisi kabla ya kuuliza habari ya kioo.